Jibu: Roketi za Soldier zinapita pembeni

Salamu ndugu wa Arua. Umesema kwenye Team Fortress 2, mchezo wa kompyuta wa kufyatuliana risasi, ukicheza Soldier (mhusika wa roketi) unamlenga adui kifuani, roketi inampita, halafu Scout, mhusika mwenye mbio, anakumaliza ukiwa unajaza roketi.

Kwanza angalia unalenga wapi. Roketi inasafiri, adui anaiona ikija. Achana na kifua, piga ardhi miguuni pake, mbele kidogo ya anakoelekea. Ikikosa mwili, mlipuko utamfikia na kumrusha juu. Hapo usiharakishe: mwache aanze kushuka, kisha piga pale atakapotua. Scout ndiye msumbufu maana anaruka mara ya pili hewani, kwa hiyo subiri aitumie kwanza. Ndiyo sababu napenda kukaa juu ya ngazi au paa. Ukiwa chini ya adui huioni ardhi aliyosimama.

Bazuka inabeba roketi 4 tu. Jaza kila ukijificha kwenye kona, hata ukiingiza mbili unaweza kukatiza na kufyatua. Zikiisha adui yuko karibu, toa shotigani, usijaze mbele yake. Pyro, mhusika wa moto, naye mpige kwa hiyohiyo shotigani, maana ukitumia roketi atazipuliza zikurudie.

Halafu intaneti. Sisi wa huku Uganda tukicheza seva za Ulaya kunakuwa na kuchelewa. Risasi za kawaida seva huzifidia kuchelewa huko, roketi haizifidii. Basi lenga mbele ya adui zaidi ya unavyodhani inatosha, na chagua seva yenye pingi ndogo (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) kabla ya kubadilisha kipanya.