Kulinganisha lugha za Kigermani: anza na sauti ya t

Anayeanza kulinganisha lugha za Kigermani huwa na haraka ya kukusanya maneno yanayofanana. Anaona haben ya Kijerumani na habere ya Kilatini, yote yana maana ya "kuwa na", basi anayaweka pamoja. Kumbe si ndugu. Ndugu wa haben katika Kilatini ni capere, "kushika", kwa kuwa k ya zamani mwanzoni mwa neno iligeuka h katika lugha za Kigermani. Maneno kufanana sura hakuthibitishi chochote. Kinachothibitisha ni tofauti ya sauti inayojirudia katika maneno mengi, mahali palepale ndani ya neno.

(Kigermani hapa ni ukoo mzima: Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani, Kiswidi, Kiaislandi na wenzao. Kijerumani ni mtoto mmojawapo tu, si mzazi.)

Chora jedwali la safu tano: Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani, Kiswidi na Kigothi. Kigothi kimekufa, lakini tunacho kupitia tafsiri ya Biblia ya Wulfila ya karne ya 4, na bila hicho utakuwa unapapasa gizani. Jaza maneno kama mia moja: viungo vya mwili, ukoo, maji, moto, vitenzi vya kila siku, hesabu. Hesabu zitazame kwa jicho kali. Sita, saba na tisa katika Kiswahili zimetoka Kiarabu, na anayekipima Kiswahili kwa hizo tatu peke yake atakipeleka ukoo usio wake.

Sasa shika sauti moja tu, t ya mwanzo. Kiingereza kina ten, tongue, tooth, two. Kiholanzi: tien, tong, tand, twee. Kiswidi: tio, tunga, tand, två. Kigothi: taihun, tuggo, tunþus, twai (þ husomwa th). Kijerumani peke yake kinasema zehn, Zunge, Zahn, zwei. Safu nne zina t, moja ina z, wala hairuki. Huo ndio ushahidi. Kisha angalia mahali pengine: baada ya irabu Kijerumani kina ss au ß (water, Wasser, foot, Fuß), na baada ya s hakuna kinachobadilika (stone, Stein). Kwa hiyo usiandike "t huwa z" ukaishia hapo. Andika na mahali. Kanuni isiyotaja mahali itavunjika kwenye neno la kumi, nawe utadhani jedwali lote ni bovu.

Neno lisilotii kanuni usilifute. Chai kwa Kijerumani ni Tee, si "Zee", kwa sababu neno liliingia mageuzi ya sauti yakiwa yamekwisha. Pfund linafundisha zaidi. Kiingereza ni pound, na vyote viwili vimetoka Kilatini, pondo. Lingekuwa neno la asili, p ya zamani ingekuwa f, kama pater ilivyo father. Haikuwa, basi neno lilikopwa baada ya mageuzi ya kwanza (k kuwa h, p kuwa f), yale aliyoyaeleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822. Lakini Kijerumani kimeigeuza p kuwa pf, kama Apfel kwa apple, basi lilishaingia kabla ya mageuzi ya pili, yale yaliyogeuza t kuwa z, yaliyokihusu Kijerumani cha juu, yaani cha kusini na kati. Neno moja linajipangia umri wake bila hati yoyote. (Schule nalo limetoka Kilatini, schola, na sisi tukalichukua kwa Wajerumani: shule.)

Kosa linalowaponza wengi zaidi ni kutegemea Kiingereza cha leo. Father na brother yote yana th katikati, na Kilatini kina t katika pater na frater. Kila kitu kinaonekana shwari. Sasa tazama Kijerumani: Vater, Bruder. T huku, d kule. Kigothi: fadar, broþar. Kiingereza cha kale: fæder, broþor. Tofauti ilikuwepo, ila Kiingereza kiliifuta baadaye kwa kugeuza d kuwa th mbele ya -er. Karl Verner wa Denmark ndiye aliyepata sababu, mwaka 1875: mkazo. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India iliyo ndugu wa hizi, mkazo wa shina la "baba", pitár-, uko mwishoni, na wa "kaka", bhrā́tar-, uko mwanzoni. Pale ambapo mkazo haukutangulia sauti hiyo, sauti ililegea, th ikawa d. Ndiyo maana tunasisitiza: andika umbo la zamani kabisa unaloweza kulipata, la leo liwe nyongeza.

Athari hiyo haikukaa kwenye majina tu. Imo ndani ya vitenzi: ziehen, zog, gezogen (kuvuta: h na g); schneiden, schnitt, geschnitten (kukata: d na t); was na were za Kiingereza (s na r). Kwa hiyo kitenzi chenye kubadili irabu usikiandike kwa umbo moja. Andika manne: kitenzi-jina, wakati uliopita wa umoja, wa wingi, na umbo la kutendwa. Kigothi kinayo yote: bindan (kufunga), band, bundum, bundans. Kijerumani na Kiingereza vya leo vimebakiza matatu, na kila kimoja kilichagua irabu yake kwa wakati uliopita. Kijerumani kilishika ile ya umoja: binden, band, gebunden. Kiingereza kilishika ile ya wingi: bind, bound, bound. Ukiandika bind na binden tu, uchaguzi huo hauonekani kabisa.