Muulize Fundi: gari imepita kwenye maji na bado inawaka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST, juzi usiku ile mvua kubwa narudi Tabata kutoka mjini, Jangwani pamefungwa ikabidi tuzungukie Kigogo, huko nako maji yamejaa na nyuma yangu foleni siwezi kurudi bas nikapita hivyo hivyo, yalifika mlangoni na chini ya miguu yakaingia kidogo. Haikuzima. Asubuhi imewaka vizuri tu ila breki zinakwaruza na ndani kumeanza kunuka. Mume wangu anasema ikishawaka haina tatizo, tuipeleke kuosha tu. Ni kweli?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana kwa usiku huo. Mwambie mkwe wangu kwa heshima zote, injini inawaka hata ikiwa na maji kwenye oili, inawaka leo na kesho na wiki ijayo alafu inakuja kugonga wakati mvua wote mmeshaisahau. Kwa hiyo msiiwashe tena mpaka oili ziangaliwe, hilo ndo la kwanza, kuosha baadae.

Gari ikiwa sehemu tambarare na injini imepoa, chomoa stiki ya oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, au oili imepanda juu kuliko kawaida yake, hapo gari inavutwa mpaka kwa fundi haiendeshwi. Ikiwa safi bado usishangilie, maji ni mazito kuliko oili yanakaa chini kwenye sampo, yaani lile bakuli la oili chini ya injini, fundi alegeze ile nati ya chini taratibu gari ikiwa imelala usiku kucha, kama maji yapo yatatangulia yenyewe kutoka.

Giaboksi ndo watu wengi wanaisahau na ndo inayowaliza. Inakuwa ya moto toka safarini, ikizama kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia kitundu chake cha kupumulia, wewe huoni kitu. Oili nyekundu ikigeuka pinki yenye ukungu ni maji hayo. Zingine hazina stiki kabisa, fundi aipandishe gari aikague kwa chini. Na kama yako ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, oili iwe ya CVT, asije akakuwekea ya otomatiki ya kawaida eti zinafanana, hazifanani. Wenye gari za kusukuma nyuma au four wheel wakague na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, nayo inapumua hivyo hivyo.

Fungua pia boksi la filta ya hewa, dakika chache tu. Karatasi ikiwa imelowa au ina mstari wa tope ujue injini ilishaanza kunywa maji. Ikiwa kavu shukuru Mungu.

Huo mkwaruzo wa breki, kama ni kutu nyepesi ya kulala na maji utaisha ukikanyaga mara chache kwenye mwendo mdogo. Usipoisha ni mchanga, tairi zifunguliwe zote nne, hasa madramu ya nyuma maana tope likishaingia mle halitoki lenyewe. Na ukipaki usivute handibreki siku hizi za mwanzo, inaweza ikashika isiachie, weka P na uzibe tairi kwa jiwe. Beringi zenyewe huwa zinachelewa, ukianza kusikia mvumo unaopanda na spidi baada ya wiki kadhaa ndo hizo.

Kuhusu harufu, kapeti ling'olewe viti vitoke. Chini yake kuna sponji na hiyo haikauki kwa kufungua madirisha, itaozesha bodi na kula soketi za waya. Soketi za njano chini ya viti ni za airbag na mikanda, fundi afungue betri kwanza asubiri angalau dakika 2 ndo aziguse. Vaeni glavu jamani, mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo na maji hayo ndo yaliyokuwa miguuni kwako, kwa hiyo kapeti lioshwe na dawa.

SWALI: Fundi, mimi niko Nairobi, gari yangu ya dizeli ilizima katikati ya maji. Jirani anasema tuishtue na betri yake. Nikubali?
Msomaji, South C

JIBU: Usikubali ndugu yangu, na kusukuma pia hapana. Maji hayabaniki kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta juu kitu lazima kipinde na kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, inaweza ikakuvumilia kidogo alafu siku moja inatoboa bloku. Dizeli ndo mbaya zaidi sababu kompresheni yake ni kubwa. Fungua waya wa betri, gari ivutwe. Fundi atoe plagi za kupashia moto au nozeli zinazopulizia dizeli, azungushe injini kwa mkono mpaka maji yatoke yote, amwage oili, na hiyo oili mpya nayo aimwage baada ya muda mfupi. Kama una bima kubwa piga picha mstari wa maji kabla hujaosha na uwapigie kabla hakijafunguliwa chochote, usome kama mafuriko yamo. Bima ndogo hailipi gari yako.

Na mbele ya maji yanayotembea simama kabisa, sentimita 30 tu zinatosha kuzoa gari ndogo.

SWALI: Nauziwa Premio bei nzuri mno, nahofia ni ya yale mafuriko ya Aprili 2024. Nitajuaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, watu wanaosha gari nzima ila ule mkia wa mkanda ndani hawaufikii, ukikuta tope au doa la maji achana nayo. Angalia bolti za viti kama zina kutu au zimefunguliwa, angalia shimo la tairi la spea, na kama kapeti ni jipya kwenye gari la zamani muulize mwenye gari kwanini. Akisita, ondoka.