Uliuliza wema unaendaga wapi

Mwanangu, hujambo. Meseji yako ya sauti nimeisikiliza mara mbili, eti ulimpa mwenzio wa kazini laki moja ya kodi, sa hivi anakukwepa hata salamu, ndo ukaniuliza, mama, huo wema kweli unasambaa au tunadanganyana tu.

Kwanza hiyo laki si wema, ni mkopo, alikwambia atarudisha mwisho wa mwezi, so mdai, usione haya. Tusichanganye mafaili.

Ila swali lako zuri na weye unajua mama yako ni mwalimu wa hesabu, kustaafu hakujanitoa ugonjwa. Kuna Wamarekani wawili, James Fowler na Nicholas Christakis, mwaka 2010 walichambua mchezo uliochezwa na wanafunzi kule Zurich, Uswisi. Watu wanne wanne wasiojuana, kila mmoja ana pointi 20, unaamua utie ngapi kwenye chungu cha wote. Ukitia moja, kila mtu kwenye kikundi anapata 0.4, yaani weye mwenyewe umekula hasara ya 0.6 ila kikundi kimepata 1.6, piga hesabu utaona mjanja ni yule asiyetia kitu. Kila raundi vikundi vinavunjwa, unakutana na wengine, kwa hiyo hakuna kulipana fadhila wala kujipendekeza. Sasa walichokuta ni kwamba aliyekaa na mtu mkarimu, raundi inayofuata naye anatia zaidi, kwa watu wengine kabisa, na hao nao wanawapelekea wengine, ikaonekana mpaka mtu wa tatu ambaye hajawahi hata kukaa na yule wa kwanza. Na ubahili ndo hivyohivyo mwanangu, ukikaa na wenye mkono wa birika nawe unaubana wako.

Kwa hiyo weye unamwangalia uliyemsaidia, unangoja akurudie, wakati pengine mambo yameshapita mlango mwingine.

Hapa kwetu Ngamiani si maji yalikatika, jirani yetu wa nyumba ya kona, yule mwenye simtanki kubwa, akatoa mpira nje ya geti watu wakinge bure. Ndoo zikapangwa mpaka barabarani, watoto, wenye baiskeli na madumu yao, kelele tupu. Kesho yake wa pili mwenye simtanki naye akatoa mpira, jioni wa tatu. Na huyo wa tatu mie namjua vizuri, si mtu wa kutoa, ila angepitaje pale na kila mtu anajua tangi lake limejaa? Aibu ile. Watu wanasema wema wa aibu si wema, mie naona ndoo zilijaa basi, nusu ya wema wa mtaani ni haya tu na wala sioni ubaya wake. Ndo maana ile tenda wema nenda zako siipendi sana, ukienda zako gizani nani atakuona akuige? Sisemi upige picha uweke stetasi, hapana, hiyo ni matangazo. Fanya tu kawaida, watu wakiwepo.

Wa nne hakutoa. Mpaka maji yanarudi geti kafunga, na yuko salama salimini, watoto wake wanakua, biashara inaenda. Sitaki nikudanganye kwamba kila mtu anaambukizika.

Ulisema hapo kwenu kuna binti wa fildi, mgeni, hajui hata mchana wanakula wapi na hakuna anayemwita. Mwite kesho, mbele ya wenzio, muende nae.

Machungwa ya Muheza nimeyapakia Kange kwenye basi la asubuhi. Mzigo nshaulipia, wakikudai tena nipigie niongee nao mie.

Mama yako.