Mwigizaji unayetaka kuongoza, anzia kwenye muda wa kusubiri

Filamu yangu ya kwanza kuongoza tuliishuti Kigamboni kwa siku sita, kwenye nyumba ya kuazima. Tulipokaa kwenye uhariri ndipo nikaona: dada anatoka sebuleni na hereni, anafika uani masikio matupu. Nyumba tumesharudisha, hela imekwisha. Sini ile ikakatwa, na ndiyo iliyobeba kisa.

Iliniuma, maana nilikuwa nimeshaigiza miaka minane. Sinza, Mbezi, Bagamoyo, kote huko nikimaliza sehemu yangu naenda kulala kwenye gari. Mtu wa mwendelezo, yule anayehakikisha mavazi na vitu havibadiliki kutoka sini hadi sini, alikaa hatua tatu kutoka nilipo, daftari mkononi. Sikuwahi kumuuliza anaandika nini.

Ndiyo maana vijana wakiniomba ushauri huwa nawasimulia Clint Eastwood, mwigizaji wa Marekani aliyegeuka mwongozaji. Wengi wanamjua kwa kofia na bastola. Mimi namheshimu zaidi kwa miaka aliyoigiza kwenye Rawhide, tamthilia ya wachunga ng'ombe iliyorushwa kwenye televisheni ya Marekani kuanzia 1959 hadi 1965. Waongozaji walikuwa wakipishana, yeye yupo palepale, anawatazama. Aliona kuwa mtu akipaza sauti ya "ekshen!" farasi wanashtuka. Filamu yake ya kwanza kuongoza ilitoka 1971, na tangu hapo amejulikana kwa kuanzisha sini kwa sauti ya chini. Katika filamu hiyo ya kwanza alimpa Don Siegel, mwongozaji aliyemfunza mengi, nafasi ndogo ya mhudumu wa baa. Fikiria: siku ya kwanza unaongoza, na mwalimu wako yuko mbele ya kamera yako! Oscar ya mwongozaji bora aliipata akiwa ameshavuka miaka 60.

Kwa hiyo ukiwa lokesheni, omba ruhusa ukae karibu na monita, skrini inayoonyesha kamera inachopiga. Muulize mtu wa sauti kwa nini amesimamisha kazi bodaboda ilipopita. Bora zaidi, omba kushika mwendelezo filamu nzima, hata kama malipo ni nauli na chakula. Mimi nilifanya hivyo nikiwa tayari na jina, na sijutii hata siku moja.

Mwaka jana nilikuwa na mtoto wa miaka mitano kwenye sini. Kila akisikia "ekshen" anamgeukia mama yake. Nikachuchumaa pembeni yake, nikamwambia taratibu, "Haya mwanangu, nenda kamwite bibi." Akaenda. Teki moja, hatukurudia.