Pipa Lisilopumua

Jumapili iliyopita baba mkwe aliomba kipande cha pili cha kidari. Huenda kwako hilo ni jambo dogo, lakini mimi nilikuwa nimelisubiri tangu Krismasi ya 2021, na ndiyo maana leo nimeona nimjibu kijana mmoja wa Dodoma aliyeniandikia akilalamika kwamba pipa lake jipya la kukaushia nyama kwa moshi linatoa nyama chungu kama shubiri.

Kijana wangu, uchungu huo naufahamu. Nilikulia katika nyumba ambayo bibi alibanika nyama juu ya uchaga, mafiga yakiwa chini na moshi ukijipenyezea wenyewe kwenye nyasi za paa, basi nikadhani kazi hii imo katika damu na haihitaji mwalimu. Nilinunua pipa la chuma la lita 200, nikamwagiza fundi wa kuchomelea akate mlango wa moto upande wa chini, apachike nondo za kubebea nyama karibu na juu, na atengeneze mfuniko unaobana sawasawa. Fundi aliniuliza dohani itakaa wapi. Nilimjibu, kwa kiburi ambacho sasa kinanitia aibu, kwamba ninatengeneza tanuri la moshi. Moshi nikiutoa nje, nitabaki na nini?

Siku ya sikukuu niliwasha vipande vya msonobari nilivyopewa na seremala jirani, nikapanga kilo 4 za kidari, nikafunga mlango, nikafunga mfuniko, na hata upenyo uliobaki nikauziba kwa udongo. Kwa saa 6 nilikaa kando ya pipa langu kama mlinzi wa benki. Nilipofunua, upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa umejaa matone meusi yanayonata kama lami, nayo yalikuwa yakiidondokea nyama tone baada ya tone. Nilijiambia kuwa hiyo ndiyo rangi ya ustadi. Baba mkwe alitafuna mara mbili, akakisogeza kipande pembeni mwa sahani taratibu, kisha akaomba aongezewe maharage. Mwanawe hakuwa na staha kama yake: "Shemeji, leo umetupikia dohani." Neno hilo limerudiwa katika kila kikao cha familia tangu siku ile, na sikufichi kwamba bado linauma, hasa kwa kuwa dohani ndicho kitu pekee ambacho pipa lile halikuwa nacho.

Miezi iliyofuata sitakuchosha nayo. Nilichojifunza ni kwamba moto uliokosa hewa hauunguzi kuni sawasawa. Kile kisichoungua hupanda pamoja na moshi mzito mweupe, hukutana na mfuniko ambao haujapata joto, hugeuka majimaji machungu na kuirudia nyama. Bibi hakupata tatizo hilo kwa sababu paa lake lilikuwa likipumua. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wenye rangi ya samawati, unaopita juu ya nyama na kwenda zake. Kwa hiyo toboa. Toboa matundu 4 chini, yenye upana wa sentimita 2 hivi na vifuniko vya kusogeza. Toboa na juu uweke dohani, ambayo hutaiziba kamwe nyama ikiwa ndani. Ukitaka kupunguza moto, punguza hewa ya chini, wala usiiguse ya juu.

Kuni ziwe kavu, za mwembe au mpera, si za msonobari wenye utomvu wala mabaki ya mbao zilizopakwa vanishi. Uliza pipa lilibeba nini: lililobeba kemikali liache dukani, na hata lililobeba mafuta ya kula lichome likiwa tupu, kwa moto mkali, mpaka rangi yote iishe. Wavu wa banda la kuku usiuweke, kwa kuwa umepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu.

Ninajua unataka kuuza, kama sisi sote tunaoanza na pipa moja huku tukihesabu mapipa kumi. Lakini usimuuzie mtu nyama ambayo wewe mwenyewe unaimeza kwa kuisindikiza na maji. Nunua kipimajoto kabla ya kuchora bango. Ndani ya pipa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi zinatosha. Kidari hulainika kikikaribia nyuzi 95 katikati, na kikifika kwenye 70 joto lake linaweza kugoma kupanda kwa saa kadhaa, kwa sababu maji yanayotoka kwenye nyama huipoza. Hapo ndipo wengi hujaza kuni kwa hasira, na moto hukosa hewa tena. Kuku asitoke kabla ya nyuzi 74, hata kama ngozi yake inakuvutia.

Pipa la kwanza bado ninalo uani, na ndilo lililotoa kidari cha Jumapili. Matundu niliyatoboa mwenyewe, lakini dohani aliipachika fundi yule yule. Hakuniuliza kitu, alinitoza tu bei ya kazi mbili.