Kwanza idara ya manunuzi, hisa baadaye

Ndugu yetu anauliza: kampuni yao ya uchukuzi hapa Lubumbashi inataka kitengo cha kuwekeza katika kampuni changa za teknolojia, bodi imekubali, kazi amepewa yeye. Aanzie wapi?

Nimefanya kazi katika kitengo cha namna hiyo, ndani ya kampuni kubwa inayohudumia migodi ya Likasi na Kolwezi. Kabla hujatafuta kampuni hata moja, nenda idara ya manunuzi, ukae na yule anayesaini malipo. Kijana mwenye programu ya kufuatilia malori yanayokwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hakufuati kwa ajili ya dola zako tu. Anafuata malori yako. Anataka mkataba, na mkataba ulipwe.

Hapo ndipo penye kazi. Kampuni kubwa zimezoea kulipa baada ya siku 90, na kumdai mtu mwenye wafanyakazi wanne makaratasi yaleyale wanayomdai muuza mafuta ya dizeli. Sisi tuliwahi kununua hisa za kampuni ambayo idara nyingine ya jengo letu hilohilo ilikuwa haijailipa tangu msimu wa mvua uliopita. Mtaji wetu ukaishia kwenye mishahara. Kwa hiyo mwombe DG, mkurugenzi mkuu wenu, aandike: mkataba mfupi, malipo ndani ya siku 30, na mkuu wa idara mmoja atakayeulizwa kwa jina.

Jambo la pili ni sheria, na wengi hulisahau. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 imewawekea Wakongomani kazi za ukandarasi mdogo, yaani zile ambazo kampuni kubwa huzikabidhi kwa kampuni nyingine. Kama wenye kampuni yenu ni wageni, mkichukua hisa nyingi mnaweza kumnyima kijana sifa ya kupata kazi migodini, na huko ndiko soko lilipo. Chukueni sehemu ndogo. Sheria za OHADA (umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara), zilizoanza kutumika kwetu mwaka 2012, tangu 2014 zinaruhusu kampuni ya hisa iliyorahisishwa, SAS, ambayo wenye hisa hupanga mengi wenyewe ndani ya katiba yake. Msidai haki ya kuinunua kampuni kabla ya wengine wote. Mnunuzi mwingine akiiona haki hiyo, anaondoka bila hata kutaja bei.

Pesa zitengwe kwa miaka kadhaa, zisiombwe upya kila bajeti. Bei ya shaba ikishuka, cha kwanza kukatwa ni kitengo chako (mafunzo ya Kiingereza ya wakubwa yatabaki, usijali). Hata Intel Capital, kitengo cha uwekezaji cha Intel, watengeneza chipu za kompyuta wa Marekani, kilichoanza 1991, Januari 2025 ilitangazwa kwamba kitatengwa na Intel, na kufika Aprili uamuzi ukafutwa. Kama kwao ni hivyo, wewe dai barua ya bodi yenye kiasi na muda, kabla hujamwahidi kijana yeyote chochote.