Kwa nini HDMI 2.1 yako inagoma kwenye hezi 60

Mkuu, umesema TV imeandikwa HDMI 2.1, resiva (ile ya kuendeshea spika) nayo 2.1, waya mpya, na bado konsoli ya magemu inakwambia picha ya 4K kwa hezi 120, yaani picha 120 kwa sekunde, haiwezekani. Pole. Hapo ulipo mimi nilikaa karibu miezi mitatu, na nilishabadilisha waya nne kabla sijagundua kwamba waya hazikuwa na kosa lolote.

Hiyo namba 2.1 usiitegemee; ni toleo tu la kiwango cha HDMI, njia ya kupitisha picha na sauti kwa waya mmoja. Kiwango hicho kilitoka Novemba 2017, na kilichowavutia watu ni uwezo wa kupitisha hadi gigabiti 48 kwa sekunde, wakati 2.0 iliishia 18. Lakini karibu kila tunachokifuata humo, hezi 120, VRR (kioo kufuata kasi ya gemu), ALLM (TV kuhamia yenyewe kwenye hali ya magemu), hata eARC (kurudisha sauti kutoka TV hadi resiva), ni hiari ya mtengenezaji. Mwishoni mwa 2021 wasimamizi wa leseni za HDMI walisema wazi kwamba 2.0 imeshaingizwa ndani ya 2.1, kwa hiyo kifaa cha gigabiti 18 tu kinaruhusiwa kuitwa 2.1, ilimradi kitaje sifa kilizonazo. Kutaja wanataja. Za resiva yangu nilizikuta kwenye jedwali nyuma kabisa ya kitabu cha maelezo, maandishi ya kusomea kwa tochi.

Jedwali lenyewe lilisema hivi: poti saba za kuingiza, moja inapitisha gigabiti 40, sita zilizobaki 18. Mimi nilikuwa nimechomeka konsoli kwenye poti iliyoandikwa GAME, nikidhani ndiyo ya magemu. Kumbe hilo ni jina tu! Nikahamia ile moja. Kioo kikawa cheusi tii, lakini sauti inatoka. Nasikia menyu inavyobonyezwa, sioni kitu. Nikirudisha hezi 60, picha hiyo hapo.

Baadaye nikajua kwamba resiva kadhaa za mwaka 2020 zilitoka na chipu ya HDMI yenye kasoro hiyohiyo kwenye 4K ya hezi 120, na yangu ni mojawapo. Kuna kampuni iliyogawa kijisanduku cha kuunganisha katikati, nyingine ikabadilisha bodi. Apdeti haikusaidia, maana kasoro iko kwenye chipu yenyewe.

Ukipiga hesabu utaona kwa nini hakuna njia ya mkato. 4K ya hezi 60 yenye rangi kamili za biti 8 inakula gigabiti 17.8, yaani 18 imejaa hadi mdomoni. Ukipanda hezi 120 na rangi za biti 10 unahitaji takriban 40.

Nilichofanya, na ndicho ninachokushauri: chomoa konsoli kwenye resiva, ichomeke moja kwa moja kwenye TV, halafu sauti irudi kwenye resiva kupitia eARC. Iwe eARC kweli, maana ARC ya zamani haipitishi sauti ya spika nyingi bila kuibana.

Ila angalia TV pia. Yangu ina poti nne, mbili tu ndizo za hezi 120, na mojawapo ya hizo mbili ndiyo hiyohiyo ya eARC. Resiva ikishakaa hapo, unabaki na poti moja ya haraka. Mwenye konsoli mbili atakuwa anachomoa na kuchomeka kila siku. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa anafikiria nini.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta sehemu ya ishara ya HDMI. TV nyingi zinatoka kiwandani na poti zimewekwa kwenye hali ya kawaida, na unaiwasha hali ya juu poti moja baada ya nyingine. Mimi niliwasha poti ya tatu wakati konsoli iko ya nne, nikapoteza jioni nzima.

Waya, chukua wenye lebo ya Ultra High Speed yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Basi, usihangaike na ule wa bei ya kutisha.

Ukimaliza, fungua gemu lenyewe, siyo menyu, bonyeza kitufe cha info kwenye rimoti ya TV usome hezi zinazoingia. Ikiwa bado ni 60, nitajie modeli ya TV na poti uliyochomeka, nikusaidie kulisoma jedwali lake.